Pasi Fupi na Heshima ya Baba Mdogo

Juzi nilimkabidhi Mwalimu Naomi, anayeshika nafasi yangu, funguo za stoo ya michezo, naye alipofungua mlango akapiga chafya mpaka machozi yakamtoka. Ndani kulikuwa na vumbi la miaka yangu yote pale Kakuma, nyavu zilizotafunwa na panya, gunia la mipira, na pampu mbili ambazo kila moja hukubali kufanya kazi ukiishika kwa namna yake. Nilimwonyesha namna hizo. Tulipokuwa tunafunga akaniambia, "Madam, haya mambo yote unaondoka nayo kichwani. Si ungetuandikia?" Basi nimeandika. Habari za kupandishwa cheo na za mshahara sitazigusa. Za kwanza zilikuwa chache, na za pili mnazijua wenyewe.

Nilitoka Taita nikiwa mwalimu mpya, mchezaji wa mpira wa pete niliyejiona hodari kuliko nilivyokuwa. Niliposhuka Lodwar mara ya kwanza nilidhani kuna mtu amewasha jiko nyuma yangu. Siku ya pili nikawaita wasichana mazoezini saa nane mchana, kwa sababu ratiba ilisema saa nane mchana. Walikuja wote kwa adabu, wakakaa kivulini chini ya tangi la maji, wakaniangalia nikipuliza filimbi peke yangu katikati ya uwanja. Hakuna aliyecheka, nami nikapuliza tena.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Ewoi, mzee wa michezo wa shule yetu ya Lodwar, mtu mrefu aliyevaa kofia moja mwaka mzima. Alinijia taratibu akaniambia, "Madam, ratiba inaandikwa Nairobi. Jua linaandikwa hapa." Kuanzia siku hiyo tukafanya mazoezi alfajiri, na mpaka nastaafu sijawahi kuita mtoto uwanjani kabla jua halijapoa.

Ewoi alinifundisha mambo mawili ambayo nawaachia. La kwanza ni miiba. Turkana mpira haufi kwa kuzeeka, unakufa kwa mwiba wa mathenge, ule mti wa miiba uliotapakaa kila mahali. Kabla ya mazoezi kila mchezaji ashike tawi, afagie kipande chake cha uwanja, halafu mkaguane. Walimu wapya huona ni kupoteza muda mpaka wapasuliwe mpira wa kwanza. La pili ni miguu. Nilikuwa nawaambia wasichana wangu wamtazame mpinzani usoni, maana ndivyo nilivyofundishwa mimi. Ewoi akakataa. "Uso ni wa kudanganya watu," alisema. "Tazama miguu. Mguu haujasoma." Mtu akikuzuia na visigino vyake viko chini, hawezi kuja mbele haraka, kwa hiyo mbele yake pako wazi. Akisimama kwa ncha za vidole, amekusudia kuruka, basi mpite chini. Kwa maneno hayo machache nilifundisha mpira wa pete miaka mingi, Lodwar na Katilu, na vikombe tulivyopata viko kwenye kabati la mwalimu mkuu, vimejaa kalamu.

Nilikuwa nimeshahamia Kakuma, na nimeshaanza kuhesabu mihula iliyobaki, ulipoletwa mchezo mpya. Ulikuja na mradi wa shirika moja na kijana kutoka Nairobi aliyetufundisha mwisho wa juma, akaacha begi, akapanda ndege. Mpira wenyewe umechongoka pande zote mbili. Wanafunzi walipouona waliuliza nani ameukalia. Ni mpira wa Kimarekani, ila huu hauna kugongana. Timu ina watu watano uwanjani. Kila mmoja ana mkanda kiunoni wenye vitambaa viwili vinavyoning'inia, na mpinzani akikuchomoa kitambaa ukiwa na mpira, mchezo unasimama hapo. Mna nafasi nne za kufika katikati ya uwanja, na mkifika mnapewa nyingine za kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, ambako ndiko kufunga. Mkishindwa, mpira ni wao.

Wenzangu wa soka waliutazama wakaurudisha kwenye begi. Mimi niliupenda siku hiyo hiyo, kwa sababu niliutambua. Anayeanzisha, ambaye wenyewe humwita kotabeki nasi tulimwita mrushaji, anasimama na mpira mikononi kama senta wangu wa mpira wa pete, na ana pumzi mbili tatu tu kabla mtu hajamfikia kiunoni. Hana muda wa kuchagua baada ya kuanza. Lazima awe ameshachagua.

Kwa hiyo kazi ya mrushaji ni kusoma walinzi kabla mpira haujatoka. Nawaandikia kwa kirefu kidogo, maana kijana wa Nairobi hakuacha kitabu. Kitu cha kwanza anachotaka kujua ni kama hawa wa upande wa pili wanalinda watu au wanalinda maeneo. Hawezi kuwauliza. Anachofanya ni kumtuma mwenzake mmoja avuke taratibu kutoka kushoto kwenda kulia kabla ya kuanza. Mlinzi akitoka naye, wanalinda watu. Wakibaki walipo na kunyoosheana vidole, wanalinda maeneo. Wakilinda watu, wakimbiaji wako wawili wapishane karibu karibu. Walinzi wao watagongana, au mmoja atachelewa hatua moja, na hatua moja yatosha. Wakilinda maeneo, mkimbiaji asijichoshe. Aingie kwenye pengo kati ya walinzi wawili, asimame, ageuke, na mpira uwe umeshafika kifuani pake. Na muda wote huo, miguu. Mwenye visigino chini, tupa mbele yake.

Pasi zenyewe ni fupi, za hatua chache, na watazamaji hawazipendi. Waendesha boda boda waliokuwa wakisimama kando ya uwanja wetu walipiga kelele jioni nzima, "Tupa mbali! Tupa mbali!" Niliwaambia vijana wangu kwamba pasi fupi nne zinawafikisha, na pasi ndefu moja inaufikisha mpira kwa mbuzi.

Sasa niwape mkasa wenyewe, ambao ndio ulionifanya nistaafu nikiwa na furaha.

Shule yetu inachukua wanafunzi wa kambini na wa mjini. Timu ikawa hivyo hivyo, nusu wakimbizi, wengi wao wa Sudan Kusini, na nusu Waturkana. Mrushaji wangu alikuwa Ekiru, kijana wa mjini aliyechunga mbuzi mpaka alipokuwa mkubwa kidogo ndipo akaletwa shule. Alikuwa na jicho. Alijua mlinzi gani atakimbia wapi kama alivyojua mbuzi gani anawaza kutoroka. Mkimbiaji wangu wa kwanza alikuwa Lomuria. Huyu alimzidi Ekiru miaka michache tu, aliletwa shule akiwa amechelewa zaidi yake, na walikaa darasa moja, lakini kwa ukoo alikuwa ndugu mdogo wa baba yake Ekiru. Ekiru alimwita baba mdogo na hakumtania hata siku moja. Mkimbiaji wa pili alikuwa Deng, wa kambini, mrefu, mwenye vidole vinavyoweza kudaka nzi. Deng na Ekiru walikaa dawati moja na walitumia sabuni moja.

Mazoezini nilisimamisha mchezo kila mara na kumuuliza Ekiru, "Nani yuko wazi?"

"Deng, Madam."

"Umejuaje?"

"Huyu amemfuata baba mdogo. Na yule visigino iko chini."

Jibu safi kabisa. Halafu napuliza filimbi, mchezo unaanza, na Ekiru anamrushia Lomuria, aliyezungukwa kama sinia la pilau ya harusi. Mpira unadakwa na wapinzani. Nikarudia somo. Nikapanga viti vya plastiki uwanjani viwe walinzi, nikamfundisha upya mambo aliyokuwa anayajua kuliko mimi. Siku Lomuria alipokwenda msibani Lokichar, Ekiru alitoa pasi zikatua salama katika kila mkono. Nikahitimisha kwamba Lomuria anakimbia vibaya, nikambadilisha upande. Mpira ukamfuata huko huko.

Wa kambini walikuwa na maelezo yao. Jioni moja Deng alinijia mbele ya wenzake, kitambaa kimoja mkononi.

"Madam, huyu ananiona. Ananiona kabisa, halafu anapea ndugu yake. Sisi wa kambi ni wa kukimbia bure?"

Nilisema maneno ya mwalimu, yale ya umoja, na hakuna aliyeyasikiliza. Wiki iliyofuata wa kambini walipumzika upande mmoja wa tangi na wa mjini upande mwingine. Wawili walishikana mashati. Bwana Kibet, ofisa wa mradi, alisikia, maana mambo kama hayo hufika ofisini kabla ya barua za kuomba mipira. Alikuja na gari lake akanisikitikia.

"Mwalimu, usijichoshe. Muhula ujao tutafanya timu mbili. Wakimbizi yao, wenyeji yao. Hata kuripoti ni rahisi. Nitakuja mashindano ya Lodwar nione, kisha niamue."

Iliniuma sana. Nilikuwa nastaafu muhula ule. Nimefundisha watoto wengi kurusha mpira, lakini ile ilikuwa timu yangu ya kwanza ambayo watoto wa pande mbili za barabara walivaa jezi moja, na sikutaka kuondoka nikiiacha imepasuliwa kama mpira kwenye mathenge.

Jumamosi kabla ya Lodwar, mzazi mmoja alituletea mbuzi. Nyama ilipoiva, Ekiru alipewa kisu, kwa sababu alijua kukata. Nilikaa kwenye ngazi za stoo na chai yangu nikimtazama, bila kuwaza chochote. Alimpa Lomuria kwanza, kwa mikono miwili. Akawapa wa kambini, mmoja mmoja, kama wageni. Akawapa wa mjini kwa kufuata ukubwa. Mwisho kabisa kilibaki kipande kimoja, akakikata katikati, nusu akampa Deng, nusu akala yeye.

Nikaweka kikombe chini. Walipokwisha nikamwita pembeni.

"Ekiru, mbona Deng amekula wa mwisho?"

Alinishangaa. "Deng ni mimi, Madam. Mimi nikikula mwisho, na yeye anakula mwisho."

"Na mpira?"

Aliinama, akachora mchanga kwa kidole cha mguu. "Yule ni baba yangu mdogo. Amenyoosha mkono, watu wote wanaona. Nitampita aje, nipee rafiki yangu?"

Mnaweza kufikiri kwamba kujua ni kutatua. Hapana. Kumwamuru Ekiru ampite baba yake mdogo mbele ya mji mzima kungemtetemesha mikono, na mkono unaotetemeka haurushi. Kumkalisha Lomuria benchi kungekuwa tusi, tena ndiye aliyekuwa na mbio. Nikamfuata Lomuria mwenyewe, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Madam, heshima si kitu mtu anakataa. Ukikataa unaaibisha kijana."

"Sijasema ukatae."

"Sasa unasema nini?"

 Nikamwambia tukutane kwenye lori asubuhi.

Lodwar tulipangwa na wenyeji wa mji, timu iliyofundishwa vizuri. Ekiru alimtuma mtu avuke. Mlinzi akatoka naye. Wanalinda watu. Lakini mwalimu wao alikuwa ametutazama tukicheza asubuhi na watu wa Kerio, kwa hiyo wawili wakamganda Lomuria, na Deng hakuwa na mtu kabisa. Alisimama peke yake kwenye nyasi kavu, mikono wazi. Ekiru akamrushia Lomuria. Ukadakwa. Nafasi nyingine ikaja, akamrushia Lomuria. Ukadakwa tena, na mara hii waliodaka walikimbia nao mpaka mwisho wa uwanja, wakafunga. Bwana Kibet alikuwa nyuma yangu, akibonyeza simu.

Wakati wa mapumziko, Deng alifungua mkanda wake akautupa chini.

"Khalas, basi. Nimechoka kukuwa mti. Timu ya Waturkana ichezwe na Waturkana."

Wa kambini wakaanza kugusa mikanda yao. Nilifungua mdomo, na namshukuru Mungu kwamba Ekiru alinitangulia.

"Deng, wewe umekula kwetu mara ngapi?"

"Hiyo inaingia wapi?"

"Umewahi ona nikikukaribisha chakula? Nakuambia karibu, kama mgeni?"

Deng alifikiri. "Hapana. Unanisukumia tu sahani."

"Nani mwingine nasukumia sahani?"

Deng akautazama mkanda wake pale chini. Ekiru akaendelea. "Baba mdogo akinyoosha mkono, sina njia. Wewe hata nikikunyima, nilijua hutakasirika. Wewe ni mimi."

 Lomuria alikuwa amesimama pale pale na chupa ya maji, na maneno yote yalikuwa yamempitia masikioni.  Alimwaga maji yaliyobaki kichwani, akaokota mkanda wa Deng, akampa. Mkubwa akikuokotea kitu chini, huwezi kukiacha kikining'inia mkononi mwake. Deng akaufunga.

Kipindi cha pili kilipoanza, Lomuria alienda mahali pake upande wa kushoto, na walinzi wake wawili wakamfuata. Kisha akaipeleka mikono nyuma, akashika kifundo cha mkono mmoja kwa mkono mwingine, kama mzee anayetazama ng'ombe wake wakinywa maji. Mpira ulipotoka, alikimbia hivyo hivyo, kwa kasi yake yote, mikono mgongoni. Waliokuja kutazama wakaangua kicheko. Walinzi wawili hawakujua maana yake, wakaendelea kukimbia naye. Ekiru alimtazama baba yake mdogo, akatafuta mkono ulionyooshwa, asiuone. Niliona mabega yake yakishuka kama ya mtu aliyetuliwa mtungi. Akageuza kichwa. Hatua nne mbele yake alikuwa Deng, na mlinzi aliyekuwa karibu alikuwa bado na visigino chini.

Ilikuwa pasi rahisi kuliko zote nilizoziona katika kazi yangu. Mtoto mdogo angeirusha. Deng nusura aiangushe kwa mshangao, akaibana kifuani, akaenda.

Ikafuata nyingine, na nyingine. Wa Lodwar walipomwachia Lomuria mlinzi mmoja, alitoa mikono mgongoni, akapewa yake, akaibeba mbali. Walipomrudishia wawili, mikono ikarudi. Waliacha kulinda watu wakaanza kulinda maeneo. Ekiru akamtuma mtu avuke, hakuna aliyemfuata, na akanikonyeza kabla hajaanza. Deng alisimama pengoni, akageuka, mpira ulikuwa umeshamfikia. Waendesha boda boda wa Lodwar walipiga kelele, "Tupa mbali!" na kila waliposema hivyo sisi tulitupa karibu. Nilikuwa nalia, na sina haja ya kusingizia vumbi.

Tulifungwa, lakini. Zile pasi mbili za kwanza zilizodakwa zilikuwa zimetugharimu mno, na muda ukatuishia tukiwa tumekaribia. Vijana walikaa chini wakihema. Bwana Kibet akaja, akawapa pole, akatoa simu.

"Mmejitahidi. Sasa niwapige picha za muhula ujao. Wakimbizi wasimame huku, wenyeji huku. Picha mbili, za timu mbili."

Alikuwa ameshaamua, basi.  Vijana walianza kuinuka polepole, kama watu wanaoitwa dukani kulipa, na mmoja wa kambini alikuwa ameshapiga hatua upande wake.

"Ngoja," Lomuria akasema. Akasimama. "Hapa mkubwa ni nani?"

Halikuwa swali, akaendelea mwenyewe.

"Mkubwa ni mimi. Bwana, ejok, salama. Na heshima zote. Hawa ni wangu, wote. Wakigawanywa, naulizwa mimi, na mimi bado sijaulizwa." Akarudi katikati yao akakaa. Yule aliyekuwa amepiga hatua akairudisha.

Bwana Kibet alinigeukia mimi. Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu, na ilikuwa kamba ndefu. Alisubiri. Mwishowe akarudi nyuma kidogo wote waenee, akapiga picha moja. Ya pili haikupigwa, na habari ya timu mbili haikurudi tena ofisini wala uwanjani.

"Haya," alisema, kidole juu ya simu. "Niandike ni timu ya nani?"

Wote wakamtazama Lomuria, kwa kuwa neno lilikuwa lake. Lomuria akaipeleka mikono nyuma, akamtazama Deng.

"Andika Kakuma," Deng akasema.